Mitalawanda Yangu na Mama Mwenye Nyumba

Jamani, ukiwa mpangaji Buguruni, vyumba nane choo kimoja, ndala si mali yako. Ni ya atakayeamka kwanza. Mwaka huu peke yake nimenunua pea nne, zote zimeondoka na miguu nisiyoijua. Ya tano nikaapa sinunui. Nachonga mitalawanda, viatu vya mbao kama vile bibi yangu wa Unguja alivyokuwa akiendea kutawadha.

Nikashuka Keko kwa mafundi fanicha kuomba mabaki ya mninga. Fundi akaniuliza, "Unatengeneza nini, mzee?" Nikamwambia viatu. Akaita wenzake waje wanione.

Kuchonga kwenyewe ni adhabu. Unachora unyayo kwa penseli, unakata kwa msumeno, halafu chini unachimba kwa patasi mpaka yabaki meno mawili, la mbele na la kisigino, ili mguu ukae juu ya maji. Wa kwanza ukapasuka hapohapo. Nilipiga patasi kinyume na nyuzi za mbao. Nikaanza upya. Kisha unatoboa tundu la msuruaki, kile kijiti cha kubana kati ya kidole gumba na jirani yake. Tundu likizidi kidogo, kijiti kinacheza. Likipungua, ukikigongea tu ubao unafunguka kama kitabu. Nikapiga msasa siku tatu, nikavaa, ndipo nikagundua nimepima mguu wa kushoto mara mbili.

Nikavaa hivyohivyo, nifanyeje?

Ko! Ko! Ko! Sakafu ya saruji haina siri. Wezi hawakugusa, hilo nakiri. Lakini mama mwenye nyumba, ninayemkwepa tangu kodi iishe, ananisikia akiwa kitandani. Zamani nilipita mlangoni kwake kama paka. Siku hizi hata choo sijakifikia, sauti inatoka dirishani: "Farasi wangu umeamka? Njoo tuongee."

Nikaona isiwe tabu, nikagongelea mpira wa tairi chini. Kimya kabisa! Nikalala na furaha.

Asubuhi natoka, mmoja haupo. Harufu ya mpira unaoungua inatokea uani. Nakwenda, namkuta mama wa chumba cha tano kainamia jiko la mkaa, anapepea.

"Shemeji," akasema bila kugeuka, "hiki kibao chako kimeshika moto haraka, acha tu. Huna kingine?"