Mkanda wa Manjano

Napiga picha hapa Kisumu mwaka wa tisa sasa na naapa hakuna mteja ameshawahi kuniambia lete tuone kazi zako. Swali ni moja tu, iwe ni ufuoni Dunga, iwe ni harusi Milimani, iwe ni matanga huko Ahero, mtu anakuja amekunja uso kama askari wa roadblock, "Hiyo ni Canon?"

Sio Canon. Ni Olympus, ile OM-D E-M10 Mark II, niliinunua mkono wa pili na pesa ya kusota kweli kweli. Kadogo, kana rangi ya silva juu, ukiitazama haraka unadhani ni ile ya filamu. Kuna jadwong' mmoja aliishika akaigeuza geuza akaniambia, "Nyathina, si hii ndiyo nilipigwa nayo picha ya kipande?" Nikacheka, nifanye nini, ni mzee.

Lakini mama wa bibi harusi mmoja ndiye alinimaliza. Nimefika saa moja asubuhi, bibi harusi bado anasukwa, mama ananiangalia kutoka viatu mpaka kamera, anasema, "Fundi, hiyo ndogo ni ya kujaribia eh, ile kubwa iko kwa gari?" Nikasema ndio mama, iko kwa gari. Gari lenyewe sina. Nilikuwa nimekuja na boda.

Na hiyo kamera wanayodharau, sensa yake, kile kipande kinachonasa picha, inaelea humo ndani, mkono ukitetemeka yenyewe inasogea kufuata, picha inatulia tuli, na kwa harusi mkono lazima utetemeke kwa sababu fundi wa picha hupewa chakula MC akishakula mara mbili na watu wa tenti wakishafunga zao. Megapikseli ni 16, nimetoa nayo picha ya ukutani ya familia nzima mpaka mbwa, ikawa safi. Sikatai, usiku kwa ukumbi wenye balbu mbili inalemewa, maana sensa yake ni kama robo tu ya zile za full-frame, kamera zenye sensa kubwa, chengachenga zinaanza kwa mashavu ya watu. Basi si muweke taa?

Kwa kinyozi Kondele ndio utasikia maneno. Kuna upande wa Canon na upande wa Nikon, wakibishana ungedhani ni mashabiki wa mpira wa Gor na Ingwe, na nusu yao hawana kamera, wana simu iliyopasuka kioo. Yule mwenye kamera kweli namwelewa, si mapenzi, ni lenzi. Lenzi ya Nikon haiingii kwa Canon hivi hivi, kila kampuni na mdomo wake, kwa hivyo ukishanunua lenzi tatu umeoa, na talaka ni bei. Shemeji yangu aliokota lenzi ya Nikon bei ya kutupa akakimbia nayo kwa Canon yake. Mpaka leo iko juu ya kabati, watoto wanachomea nayo karatasi kwa jua.

Usiku bando za intaneti zikiwa rahisi mimi husoma hizi mambo, na ndipo napata hasira zaidi. Hiyo Nikon yenu mnayoapia, sensa nyingi zimetengenezwa na Sony. Sony naye tulimjua kwa redio na tivii, hizi kamera za kubadilisha lenzi aliingia 2006 baada ya kuchukua biashara ya Konica Minolta, leo akipita watu wanasimama. Halafu Kodak! Injinia wao, Steve Sasson, ndiye aliunda kamera ya kwanza ya dijitali 1975, inatumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwa kaseti, na wakubwa wakaendelea na filamu zao, 2012 wakaenda kortini kufilisika. Sasa ukinunua kamera imeandikwa Kodak, imetengenezwa na kampuni nyingine iliyokodisha jina. Marehemu amezikwa, jina bado linakopa dukani.

Nilifanya makosa kumwambia Mama Achieng kwamba Olympus nao 2020 walitangaza wanauza upande wa kamera. Akaacha kupepeta mchele. "Baba Achieng, kumbe hata wenyewe wametoroka, wewe umebaki kama watchman wa duka lililofungwa?" Nikamwambia walionunua wanaendelea kutengeneza, jina tu ndio limekuwa OM System. Akasema enda uambie mwenye nyumba hivyo.

Jumapili nikaenda Kibuye kutafuta viatu vya mtoto. Kati ya rundo la mikoba nikaona mkanda wa kamera, mweusi, umeandikwa NIKON kwa manjano ile ya kuita boda. Mia mbili. Nikalipa bila kubargain, viatu vikangoja.

Nikaufunga kwa Olympus yangu, jina lake la mbele nikalifunika na teipu nyeusi ya umeme, Jumamosi nikaenda matanga. Aki ya nani, sijafika hata getini kijana anasema "pisheni watu wa Nikon wapite." Watu wa Nikon! Niko peke yangu! Nikapewa kiti mbele, nikapewa soda, wajane wakageuza nyuso upande wangu hata kabla sijainua kamera. Picha zilikuwa zilezile za siku zote, mkono uleule, lakini nilipozituma mwenye matanga akanipigia simu, "Omera, mashine ina tofauti, inaonekana kabisa." Akaongeza elfu moja juu.

Sasa karibu na jeneza kulikuwa na fundi mwingine, huyu ana Canon kubwa ya ukweli na lenzi kama thermos. Aliniangalia muda mrefu, akazunguka mti, akarudi, akaniinamia sikioni akiwa amefunika mdomo na programu ya mazishi.

"Bro, hiyo ni Nikon gani? Sijawahi kuiona."

Nikamwambia bado haijafika Kenya.