Bakteria wanaota hata kwenye kiazi cha Uyole, tusiwanyime watoto

Mwezi wa saba binti wa dada yangu, yuko form two hapa Mbeya, alikuja kwangu kanuna. Alitaka kufanya projekti ya kuotesha bakteria aone tofauti ya mkono ulionawa na usionawa, akaambiwa shuleni hamna maabara ya maana, hamna aga ile jeli ya kuoteshea bakteria, hamna sahani za petri, yaani visahani vyake vyenye kifuniko, basi achore bakteria kwenye manila. Jamani! Mtoto ana swali lake mwenyewe na jibu linapatikana, tunampa manila?

Mi naona tunakwama kwenye vifaa bila sababu. Robert Koch kule Ujerumani kabla hajaijua aga alikuwa anaotesha bakteria kwenye vipande vya viazi vilivyopikwa. Viazi, ambavyo sisi huku tunapakia kwenye fuso kila siku. Na hiyo aga yenyewe imetoka jikoni, Fanny Hesse, mke wa daktari mmoja wa maabara ya Koch, ndo aliyeipendekeza mwaka 1881 kwa sababu alikuwa anagandishia jeli nyumbani na alijua siku za joto haiyeyuki, tofauti na jelatini.

Basi tukachukua chupa nne za jam, kila moja kipande cha kiazi ndani, vifuniko tumelegeza, tukaziweka kwenye preshakuka nusu saa kuua vijidudu vilivyokuwemo, maana huku kwetu juu maji kwenye sufuria ya kawaida yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Zikapoa. Akatoka Mwanjelwa na daladala, chenji bado iko mkononi, akagusa kiazi cha kwanza hivyo hivyo. Cha pili baada ya kujisuuza na maji matupu, cha tatu baada ya sabuni, cha nne hakukigusa kabisa. Tukafunga vifuniko, tukazungushia selotepu.

Siku nne hamna kitu, baridi ya Julai mnaijua wenyewe, mtoto karibu alie. Tukaweka chupa kwenye boksi lenye balbu ya zamani ile ya njano na kipimajoto, tukashikilia 27. Msipeleke 37, hilo ni joto la mwili wa binadamu, mtawapa nafasi wale wanaopenda kuishi ndani yetu. Siku ya tatu kwenye boksi kile cha kwanza kilikuwa kimejaa madoa meupe yanang'aa kama matone ya mshumaa, na moja la njano kabisa kama kiini cha yai. Cha maji matupu hakikupishana nacho sana. Cha sabuni vidoa vitatu tu.

Cha nne kikaota ukungu wa kijivu, una manyoya. Mwalimu mmoja akamwambia akitoe, kinaharibu projekti. Hapo ndo roho iliniuma, maana hicho ndo kinachosema ukweli, kwamba kuna kitu kimeingia na hewa wakati tunafungua vifuniko, kwa hiyo hata vile vidoa vitatu huwezi kuapa vyote vimetoka kidoleni. Nikamwambia mwanangu kiache na uandike hivyo hivyo ulivyoona. Akaandika.

Kuna rafiki yake alitaka kufungua anuse, nikakataa na sitabadilika kwa hilo. Ukishaotesha hujui umeotesha nini, chupa haifunguliwi, mnaangalia kwa nje. Tulipomaliza nilivaa glavu nikazizamisha kwenye ndoo yenye maji na Jik, nikafungulia vifuniko humo humo chini ya maji, zikalala mpaka asubuhi ndo nikatupa. Walimu naombeni hili mlisimamie kuliko hata darubini.

Sasa hivi anauliza habari ya majivu, kwa sababu bibi yake kijijini sabuni ikiisha ananawa na majivu, anataka kujua kama yanafanya kazi. Viazi ameshaomba, safari hii anataka chupa nane, mbili mbili kwa kila kitu.