Huku wanashangaa nasali, nyumbani walinikemea kwa kuuliza

Nilikotoka, kijana akiuliza kanisani dunia ina umri gani, anaambiwa aongeze maombi. Huku ughaibuni, watu wakijua unasali wanashangaa kwamba umesoma. Pande hizi mbili hazijawahi kukutana, ila zimekubaliana kwamba anayeamini ameacha kufikiri. Zote zimekosea, na kosa la nyumbani ndilo linaloniuma zaidi.

Wenzangu wa kazini hupenda kusema kwamba nadharia ya mlipuko mkuu (Big Bang), inayoeleza jinsi ulimwengu ulivyoanza, imemwondoa Mungu. Huwauliza kama wanajua ilianza na nani. Georges Lemaître alikuwa padre Mkatoliki wa Ubelgiji. Mwaka 1927 alieleza kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kuwa chanzo chake ni kitu kimoja alichokiita atomu ya awali. Papa Pius XII alipoihusisha nadharia hiyo na uumbaji mwaka 1951, Lemaître hakufurahi. Alitaka hoja ya fizikia ipimwe kwa fizikia, hata pale ambapo ingeonekana kuitetea imani yake. Natamani sana wahubiri wetu wawe na unyofu huo.

Wenzangu hunitajia pia Galileo, mwanasayansi wa Italia, na simkwepi. Mwaka 1633 Kanisa lilimlazimisha akane kwamba dunia inalizunguka jua. Ilikuwa dhuluma. Lakini aliyehukumiwa alikuwa muumini kama waliomhukumu, na aliendelea kuwa muumini hadi kufa.

Sasa nyumbani. Vijana wetu wanafika ughaibuni na maswali waliyonyamazishwa tangu mafundisho ya kipaimara. Wanakutana nayo tena chuoni, safari hii kutoka kwa watu wasioamini, na nimewaona wakiacha kusali kwa sababu hawakuwahi kusikia Mkristo akijaribu kujibu. Hata Paulo, alipowaandikia Wakorintho kuhusu ufufuko, aliwatajia mashahidi: Kefa, Yakobo, na ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa wangali hai. Ufufuko hauthibitishwi maabara, najua, lakini mtu anayetaja mashahidi anakubali kuulizwa. Petro naye aliwataka waumini wawe tayari siku zote kumjibu kila anayewauliza habari za tumaini lao, tena kwa upole.

Wachungaji, mapadre, makatekista: tengeni saa ya maswali kabla watoto hawa hawajapanda ndege. Jibu likikosekana, mwambieni kijana ukweli huo, kisha mlitafute pamoja naye.