Milioni Nne za Mabeseni

Siku za kawaida, hesabu ya metikali, fedha ya Msumbiji, dukani kwangu Chikongola, Mtwara, ilikuwa ya kuzidisha tu. Akija mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, akitoa noti ya mia tano, nilizidisha kwa arobaini, ikaja elfu ishirini, nikampa vitu vyake na chenji ya shilingi. Kidole changu kilikijua kitufe cha kuzidisha hata gizani. Balaa lilijificha hapo hapo.

Ilikuwa 2024, msimu wa korosho. (Kanuni za kukataza kuuziana bidhaa nchini kwa fedha za kigeni zilitoka Machi 2025, kwa hiyo msinipeleke polisi.) Akaingia mzee mmoja, kanzu safi, kofia imekaa upande.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mabeseni haya makubwa unauzaje?"

"Elfu tano moja."

"Nifungie dazeni tatu. Nalipa metikali. Itakuwa ngapi?"

Mabeseni 36 kwa 5,000 ni 180,000, hapo sikukosea. Nikampigia kijana anayebadilisha fedha kule stendi. "Metikali leo?" Akasema arobaini, akakata simu. Sikumuuliza arobaini ya kununua au ya kuuza. Nikashika kikokotoo, kidole kikaenda kilikozoea: 180,000 mara 40.

Mtu aliye macho angestuka. Metikali moja ikiwa shilingi arobaini, metikali ndiyo fedha nzito, kwa hiyo idadi yake lazima iwe ndogo kuliko ya shilingi. Mchele uliokuwa vibaba kumi na kitu, ukiupima kwa debe hauwi madebe mia. Ilitakiwa nigawe: 180,000 kwa 40, metikali 4,500. Mimi nikasoma kilichoandikwa kwenye kioo, tena kwa sauti.

"Milioni saba na laki mbili, mzee."

Nilivyoisikia mwenyewe nikajua nimeharibu. Lakini mzee hakuruka. Alikuna ndevu, akaligeuza beseni, akaligonga kwa kidole.

"Ghali. Nakupa tatu."

Milioni tatu! Kwa mabeseni! Moyo ukaanza kupiga ngoma ya unyago. "Ongeza kidogo mzee wangu, maisha magumu."

"Nne. Ya mwisho hiyo."

"Chukua!" Nikamfungia mwenyewe kwa kamba, na kopo la kuogea nikamwongezea bure. Kichwani nilikuwa nimeshanunua bodaboda, nimemaliza kuezeka, nimebaki kuchagua rangi ya geti.

Mzee akaingiza mkono kifuani, akatoa noti nne za elfu moja, kila moja na sura ya Samora Machel.

Nikasubiri. Yeye naye akasubiri.

"Mzee, bado..."

"Bado nini? Milioni nne hiyo. Hesabu."

Kumbe Msumbiji walikata sifuri tatu tarehe 1 Julai 2006: metikali 1,000 za zamani zikawa 1 mpya. Noti zilibadilika, midomo ya wazee haikubadilika. Kwa mzee wangu noti ya elfu moja ni milioni, na ile milioni saba yangu aliisikia kuwa 7,200 za leo, yaani bei ya mwenye duka mwenye tamaa, si ya mwendawazimu. Kosa langu na mazoea yake vilikutana katikati vikapeana mikono. Na mimi kwa raha zangu nikamshukuru, nikamsindikiza hadi barabarani.

Nilidhani nimeula. Nilikuwa nimeula wa chuya.

Stendi nikamkuta kijana wangu. "Nina elfu nne hapa. Nipe laki na sitini."

"Laki moja na arobaini na nane."

"Si umesema arobaini?"

"Arobaini ni wewe ukinunua kwangu. Ukiniuzia, thelathini na saba."

Akanionyesha kibao chake cha boksi. Neno "kununua" pale linamhusu yeye: ndiyo bei anayokulipa ukimpelekea metikali. "Kuuza" ndiyo anayokutoza ukizitaka. Pengo la shilingi tatu ndilo linalomlisha. Kwa hiyo hata ile 4,500 ya hesabu sahihi ingeniletea 166,500 tu. Ili nipate 180,000 yangu nilitakiwa kugawa kwa 37, nimdai mzee metikali 4,865. Mabeseni nilinunua 4,300 kila moja, jumla 154,800. Hasara: 6,800, na kopo.

Na jina lenyewe metikali ni mithkali, kipimo cha dhahabu iliyotoka Sofala ikipitia Kilwa, hapo jirani mkoani Lindi. Wazee wetu walipima dhahabu kwa mithkali, mjukuu wao mabeseni yamemshinda.

Tangu siku ile sikushika tena kikokotoo. Kutoka shilingi kwenda metikali nilifuta sifuri moja, nikakata nusu, nikakata nusu tena: 180,000, 18,000, 9,000, 4,500. Kisha, kwa hesabu kama hii, niliongeza mia nne hivi za pengo la yule wa stendi. Bei ilipohama arobaini, ujanja huo ulikufa, nikauliza upya.

Wiki iliyofuata mzee akarudi, nyuma yake mtu mwingine mwenye kanzu.

"Huyu shemeji yangu. Naye anataka dazeni tatu, bei ile ile ya milioni nne. Na kopo."

"Karibu sana shemeji," nikasema. "Leo mabeseni tunauza kwa shilingi tu."