Ratna Asmara: kivuli cha mume?

Kila tarehe 30 Machi Indonesia huadhimisha Siku ya Filamu, kukumbuka siku mwongozaji Usmar Ismail alipoanza kupiga picha za filamu yake Darah dan Doa mwaka 1950. Mwaka huohuo ilitoka Sedap Malam ya Ratna Asmara, filamu ya kwanza nchini humo kuongozwa na mwanamke. Huyu wa pili wengi hawamjui hata kwa jina.

Wanaompunguzia sifa, wakimwona kivuli tu cha mumewe, hawasemi ovyo. Ratna alilelewa kisanii jukwaani, katika kundi la maigizo la Dardanella, akaolewa na Andjar Asmara, mtunzi wa tamthilia wa kundi hilo. Alipoingia kwenye sinema aliongozwa na mumewe huyo: mwaka 1940 akiigiza muuguzi katika filamu ya Kartinah, kisha katika Noesa Penida mwaka 1941. Hata Dr. Samsi aliyoiongoza mwaka 1952 ilitokana na tamthilia ya Andjar. Basi, wanasema, jina la mke, kazi ya mume.

Mimi hapo nagoma. Usmar naye alipitia mikononi mwa Andjar huyohuyo, akiwa msaidizi wake mwishoni mwa miaka ya 1940, na hakuna anayemwita kivuli cha mtu. Kwa mwanamume hayo huitwa mafunzo. Tena Sedap Malam ilitengenezwa na Persari, kampuni ya Djamaluddin Malik, si ya mumewe. Baadaye Ratna alianzisha kampuni yake mwenyewe, Ratu Asia, iliyotoa Nelajan (1953) na Dewi dan Pemilihan Umum (1954), filamu yenye uchaguzi mkuu ndani ya jina lake wakati taifa likisubiri kupiga kura mwaka 1955. Kivuli hakifungui kampuni.

Lakini wanaomtangaza kuwa mtetezi wa wanawake nao wanakwenda mbio mno. Sedap Malam inahusu msichana anayetumbukia katika ukahaba baada ya mumewe kuoa mke mwingine. Kisa kama hicho kinaweza kumtetea msichana huyo, na kinaweza kumsuta vilevile. Inategemea kamera ilimtazama vipi, nayo filamu imepotea. Muhtasari wa hadithi hautoshi kumpa mtu itikadi.

Iliyosalia ni Dr. Samsi, ambayo Ratna pia aliigiza ndani yake, na wapenzi wa kumbukumbu za filamu wameifanyia ukarabati miaka ya karibuni. Anayetaka kumhukumu aanzie hapo, kwenye picha zenyewe, cheti cha ndoa akiweke kando.