Jua moja, matamshi matatu

Mshapsug akitaja jua husema ttighe, kwa t nzito iliyobanwa, isiyotoa pumzi hata chembe. Mtemirgoy husema tighe. Ukifika Kabardia, neno limekuwa dighe. Wote ni Wacherkesi, watu wa Kaukazi huko kusini mwa Urusi, kila mmoja na lahaja ya kabila lake.

Lugha ya maandishi ya Adygea, jamhuri ya Wacherkesi ndani ya Urusi, ile ya vitabu vya shule za mji mkuu wake Maykop, imejengwa juu ya Kitemirgoy. Anayejifunza kwa vitabu hivyo ni rahisi adhani Kishapsug ni Kitemirgoy kilichopinda. Ukweli umekaa kinyume. Kishapsug na ndugu yake Kibzhedug vimehifadhi safu ya sauti nne: d, t yenye mpumuo, t iliyobanwa, na t inayofyatuliwa koo likiwa limefungwa. Kitemirgoy kimebaki na tatu, kwa kuwa zile mbili za katikati zimeungana. Kikabardia, lahaja ya pili iliyosanifiwa, nacho kina tatu, ila chenyewe kiliisukuma t iliyobanwa ikaangukia kwenye d. Ndiyo maana “sisi” ni te kwa Kitemirgoy na de kwa Kikabardia. Kwa vitabu vya Maykop pekee huwezi kubashiri ni t ipi itakayogeuka d kwa Wakabardia. Sikio la Mshapsug linabashiri, maana tofauti hiyo imo kinywani mwake. Mimi jambo hili halijaacha kunishangaza: “lahaja ya pembeni” ndiyo iliyoshika ufunguo wa mbili zilizosanifiwa.

Ngoma ya harusi nayo ni hivyo hivyo. Wengine huiita jegu, Mshapsug gyegu, na hiyo gy ndiyo kongwe. J imezaliwa baadaye, kama ch ya “chakula” ilivyozaliwa na ki. Sisemi kila lahaja ni sanduku la mambo ya kale. Waabzakh, kabila jingine la Wacherkesi, kwa mfano, wameiacha q ya nyuma ya koo, wakabaki na kile kikwazo tunachokisikia mtu akikataa kwa “a-a”.

Watetezi wa usanifu mmoja wana hoja nzito. Tangu kufukuzwa na Urusi mwaka 1864 Wacherkesi wametawanyika Uturuki, Jordan, Syria. Lugha inapungua vinywani mwa watoto, na kuwapa tahajia nne ni kuwachosha bure. Tena alfabeti zenyewe zimeshajaa: Kikabardia kina sauti moja inayoandikwa kwa herufi nne. Kitabu kimoja cha shule, sawa, nakubali.

Lakini Washapsug na Waabzakh wengi wako nje ya Kaukazi. Kfar Kama, huko Galilaya nchini Israeli, ni kijiji cha Washapsug. Rehaniya, cha Waabzakh. Sauti isipoandikwa popote, uhai wake unategemea nyumba chache kama hizo.

Sisi tunalijua hili. Mmvita hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini, kaa la moto na k'aa wa pwani, kwa mpumuo tu. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, mpumuo haukupewa herufi, na leo wengi wetu hatuusikii hata tukitamkiwa. Kusoma tunasoma vizuri, ni kweli. Ila sisi tunao washairi wa Mombasa na Lamu walioendelea kutunga kwa lahaja zao. Kwa Kishapsug ningeanza na kamusi: mbele ya tighe, kwenye mabano, iwekwe ttighe. Mtoto wa shule hataongezewa herufi hata moja ya kukariri.