Kiuno na pumzi, sawa. Mwalimu wa tantra je?

Kuna tangazo limezunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya Kisumu: mafunzo ya wikendi katika bustani ya nyumba moja Milimani, mtaa wa wenye nacho, ya "kurudi mwilini" kwa kuzungusha nyonga, kupumua na mazoezi ya tantra, mapokeo ya kiroho ya India ambayo wengi huyahusisha na ngono. Ni ya wanawake na wanandoa, na ada yake inatosha kulipia chumba Nyalenda, mtaa wa watu wa kipato kidogo. Waliojibu wamegawanyika. Wapo wanaosema ni mapepo, uasherati uliotandikiwa mkeka wa yoga. Wengine wanasema hicho ndicho wanawake wa mji huu wamekikosa tangu wazae, na anayepinga anaogopa tu mwanamke anayejijua. Wote wanalichukua au kulitupa furushi zima likiwa limefungwa. Mimi naona lifunguliwe kwanza.

Tuanze na nyonga, maana hapo pana ushahidi. Chini kabisa ya kiwiliwili kuna misuli iliyotandazwa kutoka kwenye kinena hadi mfupa wa mkia. Ndiyo inayoshikilia kibofu, mfuko wa uzazi na mwisho wa utumbo. Kuzaa huilegeza, mara nyingine huichana. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu kuifanyisha mazoezi baada ya kujifungua, na tangu hapo imechunguzwa sana. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane, mtandao unaopima tafiti za afya, mwaka 2018 yaliangalia wanawake wanaotokwa na mkojo wakikohoa, wakicheka au wakiinua mzigo. Kati ya waliofanya mazoezi hayo, kama 56 katika kila 100 walisema wamepona. Kwa wasiofanya walikuwa 6. Sijui tembe ngapi za duka la dawa zinaweza kujisifu hivyo, na hili halihitaji hata shilingi.

Pumzi nayo inaingia papo hapo, wala si kwa njia ya miujiza. Ukivuta hewa, diaframu, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hushuka, na misuli ya nyonga hushuka nayo kidogo. Ukitoa hewa, yote hupanda. Sasa mtazame mama kwenye kioski cha maji Nyalenda akiinua mtungi wa lita 20. Anajaza kifua, anabana pumzi, anauma meno, mtungi unapanda hadi kichwani. Msukumo wote wa tumbo umekosa pa kwenda isipokuwa chini, kwenye misuli ile ile ambayo watoto wanne wameshaichosha. Mwambie akaze huko chini kwanza, kisha atoe pumzi wakati mtungi unapanda. Somo hilo linafundishika kwenye foleni ya maji, bila ubani wala kengele ya shaba.

Hapa lakini niwape watu wa tantra haki yao, kwa sababu wapinzani wao hawaigusi kabisa. Ushauri wa kawaida ni kaza, kaza, kaza. Wapo wanawake ambao misuli hiyo haijalegea, imekakamaa. Tendo la ndoa linawauma, kukojoa kunawachelewa, na kila wakikaza zaidi maumivu yanazidi. Hao wanahitaji kujifunza kuachilia: kuyumbisha nyonga taratibu, kutoa pumzi ndefu, kuacha tumbo litoke bila aibu. Mafunzo ya aina hii husisitiza hayo, tena vizuri kuliko vipeperushi vingi. Kupumua polepole, karibu mara sita kwa dakika, pia hutuliza mwili kwa namna inayoonekana kwenye mapigo ya moyo. Hilo halina ubishi.

Halafu kuna aibu, ambayo mtaalamu wa fiziotherapia mwenye foleni ndefu hana muda nayo. Mama akienda kliniki wiki ya sita baada ya kujifungua, maswali mengi huwa ni ya mtoto na upangaji uzazi. Suala la mkojo halimjii mtu mdomoni. Anarudi nyumbani, anaanza kukaa viti vya nyuma kanisani karibu na mlango, anaacha safari za basi za Nairobi, anafunga leso juu ya sketi hata siku ya joto. Mwanamke kama huyo akiingia mahali ambapo wenzake kumi wanataja jambo hilo kwa sauti, tayari amepata kitu. Siwezi kumcheka kwa kulipa.

Watetezi huenda mbali zaidi na kudai kwamba tantra inaturudishia tu kilichokuwa chetu. Pwani walikuwa na kungwi na unyago, wanasema, na Bi Kidude alisifika kwa kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 2013. Huku kwetu kuna ohangla, ngoma ya Waluo, na isukuti, ngoma ya Waluhya wa Isukha na Idakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Hoja inavutia, ila nusu yake tu ndiyo inasimama. Kweli kiuno si kigeni hapa. Hata wachungaji wanaoonya juu ya kutikisa mwili wanajua kwamba African Israel Nineveh Church, lililoanzia Nyang'ori mwaka 1942, linajulikana kwa ngoma na maandamano ya barabarani, na mwili hauachwi nyumbani. Lakini isukuti huchezwa harusini na matangani, mbele ya shangazi, mama mkwe na watoto wanaochungulia. Hakuna aliyefunga mlango. Kungwi naye alijulikana kwao na ukoo wake, na akivuka mpaka palikuwa na watu wa kumshtaki kwao. Hadhara hiyo ndiyo iliyokuwa ulinzi, nayo ndiyo inayokosekana kwenye bustani yenye ua mrefu na mgeni wa siku mbili.

Kuhusu tantra yenyewe, historia inawasuta kidogo wanaoiuza na wanaoilaani kwa pamoja. Nchini India mapokeo hayo yalikua kuanzia karne ya 5 na ya 6 hivi, na sehemu kubwa yake ni mantra, ibada, na kuingizwa kwenye mapokeo na mwalimu ambaye mwanafunzi anamtii. Mambo ya kujamiiana yalikuwa sehemu ndogo, ya baadhi ya madhehebu. Kinachofika Kisumu kimepitia mji wa Pune, India, wa miaka ya 1970, kwa mwalimu wa kiroho Rajneesh, na nyuma yake yupo Wilhelm Reich, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Austria aliyefundisha kwamba hisia hujifungia kwenye misuli na nyonga isiyocheza kwa uhuru ni dalili yake. Reich alimalizikia kwenye masanduku ya nguvu aliyoiita "orgone", akafia gerezani Marekani mwaka 1957 kwa kukaidi amri ya mahakama. Mimi sijali kwamba mazoezi haya ni machanga kuliko yanavyojitangaza. Ninachojali ni dai lililotoka kwa Reich na linalorudiwa kila mahali: kwamba maumivu ya zamani yamehifadhiwa nyongani na yatatoka ukipumua vya kutosha.

Watu hulia kwenye mafunzo hayo, ni kweli. Ila kulia hakuthibitishi kwamba kumbukumbu ilikuwa kwenye msuli. Tena tofautisha pumzi ya polepole na ile ya haraka haraka. Ukipumua kwa kasi kwa dakika kadhaa, kaboni dioksidi hupungua kwenye damu: vidole vinawasha, midomo inakufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, mikono inaweza kukakamaa na kujikunja yenyewe. Mwalimu husema nguvu inaamka. Pumua kawaida na nguvu hiyo inalala. Kwa mjamzito, mwenye kifafa au ugonjwa wa moyo, huo si mchezo. Na aliyewahi kubakwa, akisukumwa kukumbuka mbele ya watu na mtu asiye na ujuzi wa tiba ya kiwewe, Jumapili jioni anapanda tuktuk kurudi nyumbani kidonda kikiwa wazi, na mwalimu yuko njiani kwenda mji mwingine.

Mapepo hayanihangaishi hapa. Mamlaka ndiyo yananihangaisha. Novemba 2023 polisi wa Ufaransa walimkamata Gregorian Bivolaru, Mromania aliyeongoza mtandao wa shule za yoga na tantra, kwa tuhuma zikiwemo ubakaji na usafirishaji wa watu. Si kila mwalimu yuko hivyo, na kanisa nalo lina kesi zake. Tofauti ni kwamba mtaalamu wa fiziotherapia nchini Kenya ana sheria ya mwaka 2014 na baraza linaloweza kumpokonya leseni. Mwalimu wa tantra hana baraza la kumwita ajieleze. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inagusa wanaotumia vibaya nafasi ya kuaminiwa, ila hiyo inakuja baada ya jambo kutendeka.

Na tangazo lile lina neno moja la hatari zaidi kuliko yote: linaahidi kusaidia "matatizo ya mkojo". Mwanamke anayevuja mchana na usiku baada ya uchungu wa kuzaa uliokwama huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hiyo haikazwi wala haipumuliwi. Inahitaji upasuaji, na hospitali ya Gynocare pale Eldoret inaufanya. Kila wiki anayoipoteza kwenye mkeka ni wiki ya aibu isiyo ya lazima.

Kwa hiyo ningependa somo la nyonga na pumzi litolewe na wahudumu wa afya ya jamii, wale wa CHP wanaopita nyumba kwa nyumba, kwa sababu wanaolihitaji zaidi hawana ada ya Milimani. Anayeitaka Milimani aende. Ila kabla ya kutuma pesa aulize kama anaweza kukataa kuguswa na bado akamaliza mafunzo, kama mtu wake anaweza kukaa pembeni akitazama, na nani atashika simu Jumatatu akiamka vibaya. Mwalimu akikasirishwa na maswali hayo, M-Pesa ibaki ilipo.